Amplifaya ndogo ya tyubu kwa studio ya nyumbani: Champ, AC4, ya wati 1, au kichwa na kisanduku cha lodi?

Tyubu, yaani vile vioo vinavyokuza sauti ndani ya amplifaya, huanza kuonyesha utamu wake zinapobanwa kazini, na kuzibana ni kuongeza volyumu. Chumba cha kupanga kinachochangia ukuta na jirani hakitaki volyumu. Mpiga gitaa anayetaka kurekodi nyumbani anasimama katikati ya mambo hayo mawili, na ndiyo maana soko limejaa amplifaya za wati 5, wati 4, wati 1, hata sehemu ya kumi ya wati, kila moja ikiwa na watu wanaoiapia.

Nimezigawa katika njia nne: ukoo wa Fender Champ, ukoo wa Vox AC4, amplifaya za wati 1 zenye tundu la kurekodia, mfano Blackstar HT-1R na Marshall DSL1CR, na mwisho kichwa cha tyubu (amplifaya isiyo na spika ndani) kinachounganishwa na kisanduku cha lodi, kinachomeza nguvu yake badala ya spika. Zote nne zinaweza kutoa rekodi ya kujivunia. Kinachotofautiana ni chumba, gitaa, muziki na umeme wa mtu. Ushauri wangu wa msingi utauona ukijirudia humu: anza na chumba chako na njia ambayo sauti itapitia kufika kwenye kompyuta. Jina lililoandikwa usoni mwa amplifaya lifuate baadaye.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni ukubwa halisi wa sauti, na hapa ndipo wati huwapoteza wengi. Ukishuka kutoka wati 10 hadi wati 5 unapunguza desibeli 3 tu. Sikio lako litagundua tofauti, lakini jirani hatapata nafuu yoyote. Ili sauti isikike kama imepungua nusu unahitaji kushuka desibeli 10 hivi, maana yake nguvu igawanywe kwa kumi: kutoka wati 5 hadi nusu wati. Spika nayo ina mchango mkubwa. Celestion Vintage 30, spika ya inchi 12 inayopendwa sana kwa gitaa la umeme, hutoa desibeli 100 ikipewa wati 1 na kupimwa kutoka mita moja. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo wati 1 iliyofunguliwa yote kwenye spika ya aina hiyo inatosha kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha tatu.

Kuna jambo jingine la sikio linalofaa kujulikana mapema. Tunaposikiliza kwa sauti ya chini, besi na sauti kali za juu ndizo zinazotangulia kupotea. Amplifaya ikipunguzwa chumbani huonekana nyembamba, na mtu hukimbilia kuongeza besi. Maiki haina udhaifu huo. Sikiliza kwanza kilichorekodiwa, kupitia spika za studio au hedifoni, ndipo uguse vitufe.

Kigezo cha pili ni sauti safi: inafika wapi kabla ya kuanza kukwaruza? Gitaa la sebene, la benga au la dansi linataka noti zitoke moja moja, zinameta, hata mpigaji anapozidisha mkono. Mpiga bluzi au roki yeye anautafuta huo mkwaruzo. Amplifaya ndogo huishiwa na sauti safi mapema, na hilo ni sifa kwa mmoja na kasoro kwa mwingine. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu amplifaya hizi umetoka kwa wapiga roki, kwa hiyo msomaji anayepiga solo au ridhimu ya rumba inampasa ausome kwa tahadhari.

Tatu, njia ya kuingia kwenye rekodi. Maiki mbele ya spika hunasa spika, hewa iliyosukumwa na chumba chenyewe. Hunasa pia mvua juu ya bati, adhana, bodaboda na feni ya darini. Waya wa moja kwa moja haunasi hayo, ila sauti ya gitaa la umeme bila spika ni kali na inauma masikio, kama nyuki ndani ya kopo. Spika ya gitaa hukata sauti za juu sana, na bila kitu kinachoiga kazi hiyo rekodi haisikiliziki.

Nne, ukubwa wa spika. Inchi 8 haina besi ya kutosha kujaza chumba, lakini katika wimbo wenye gitaa la besi na ngoma, upungufu huo huacha nafasi kwa wengine. Inchi 10 na 12 ni pana zaidi na humfurahisha mpigaji aliyekaa mbele yake.

Tano, matunzo: tyubu za kubadilisha, fundi na umeme. Bei nitaitaja kwa kulinganisha tu, kwa sababu usafiri na ushuru hubadilisha hesabu nzima kutoka nchi moja hadi nyingine.

Njia ya kwanza: ukoo wa Fender Champ

Hii ilikuwa amplifaya ya wanaojifunza. Fender, kampuni ya Marekani, ilianza kutengeneza ukoo huu mwishoni mwa miaka ya 1940, ikauendeleza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanamuziki wakubwa wakaipeleka studio. Wapiga gitaa Eric Clapton na Duane Allman waliitumia walipokuwa wakirekodi Miami mwaka 1970, na tangu hapo imekuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba sauti kubwa ya gitaa inahitaji amplifaya kubwa. Maiki ikiwekwa sentimita chache kutoka kwenye spika, haijui kwamba spika hiyo ni ndogo.

Sauti. Muundo maarufu wa miaka ya 1950, ambao Fender imeurudisha kwa jina la '57 Custom Champ, una tyubu moja ya 12AX7 mwanzoni, moja ya 6V6 kwenye nguvu na moja ya 5Y3 inayogeuza umeme. Inatoa wati 5, spika ni ya inchi 8, na kitufe ni kimoja: volyumu. Hakuna besi, hakuna trebo. Tyubu moja ya nguvu hubeba wimbi lote la sauti peke yake, na ile ya 5Y3 hulegea kidogo unapopiga kwa nguvu, kwa hiyo noti hubanwa kisha ikachanua. Ukipunguza volyumu kwenye gitaa sauti inasafika, ukiongeza inakwaruza. Mkono wako ndio unaofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na pedali. Naipenda kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote: hujifichi nyuma ya vitufe.

Aliyezoea kurekebisha besi na trebo aangalie tawi la pili la ukoo huu, lile lililofuata muundo wa miaka ya 1960. '68 Custom Vibro Champ Reverb bado ni ya wati 5 na 6V6 moja, ila ina besi, trebo, tremolo (mtikisiko wa volyumu), riverbu (mwangwi) ya dijitali na spika ya inchi 10. Sauti yake safi ni nyororo, inameta juu na ina nafasi katikati. Kati ya amplifaya zote za wati 5 ninazozijadili hapa, hii ndiyo ningeanza nayo kwa gitaa la dansi.

Chumbani. Wati 5 za Champ ni nyingi kwa nyumba ya kupanga. Muundo wa zamani hauna swichi ya kupunguza nguvu, na ukiupunguza kwa volyumu unapoteza kile ulichokinunua.

Kwenye rekodi. Ni maiki tu. '57 Custom Champ haina tundu la hedifoni wala la kurekodia. Inyanyue kutoka sakafuni, iweke juu ya kiti, kwa sababu sakafu huongeza besi yenye ukungu. Shure SM57, maiki iliyopo tangu 1965 na inayopatikana karibu kila studio, inatosha kabisa. Ianzie pale kikombe cha katikati ya spika kinapokutana na karatasi. Ukiisogeza katikati sauti inakuwa kali, ukiisogeza pembeni inakuwa nzito na laini. Sentimita mbili hubadilisha sauti kuliko unavyotarajia.

Matunzo. Hakuna rahisi kuliko hii. Tyubu ya 6V6 inachomolewa na nyingine inachomekwa bila fundi kuja kurekebisha chochote. Mchoro wa saketi umechapishwa kila mahali, na fundi redio yeyote aliyefanya kazi na redio za tyubu ataufahamu mara moja. Kasoro ni mvumo: muundo wa tyubu moja ya nguvu haufuti mvumo wa umeme, na kwenye sehemu tulivu za wimbo utausikia.

Inamfaa mwenye nyumba inayoruhusu kelele mchana, anayependa kupiga kwa mkono na kurekodi kwa maiki. '57 Custom Champ hufungwa kwa mkono, na bei yake ni mara kadhaa ya amplifaya ya wati 1. Vibro Champ ya kisasa iko chini ya hapo.

Njia ya pili: ukoo wa Vox AC4

Vox ni ya Uingereza, na amplifaya yake inayojulikana zaidi ni AC30, ile ambayo The Beatles walipanda nayo jukwaani. AC4 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama mdogo wake wa nyumbani, na imerudishwa kwa sura mbalimbali.

Sauti. Tyubu ya nguvu hapa ni EL84, na imekaa peke yake kama ile ya Champ. EL84 ina tabia tofauti na 6V6: hukwaruza kwa ukali zaidi, katikati yake ni ya mbele, na sauti za juu zinalia kama kengele. AC4C1-12 ina geni (kitufe cha kuongeza mkwaruzo), besi, trebo na volyumu, na spika ya Celestion ya inchi 12. Geni na volyumu zikiwa mbali mbali, unaweza kupata mkwaruzo wa tyubu za mwanzo bila kuifungua amplifaya yote, jambo ambalo Champ ya kitufe kimoja haiwezi. AC4TV, iliyotoka mwaka 2009, ni sahili zaidi: volyumu, toni, na swichi ya nguvu.

Gitaa lenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za koili moja, Telecaster kwa mfano, linaweza kuwa kali mno hapa, hasa likipigwa na mtu mwenye kucha. Gitaa lenye pikapu nene za koili mbili hupata uhai. Kwa muziki wa solo unaopanda juu ya shingo ya gitaa, ukali huo ni silaha, maana noti inapenya katikati ya ridhimu mbili na besi bila kuongezewa chochote. Tatizo ni kwamba wati 4 hazikupi sauti safi ndefu. Piga kwa nguvu na itakwaruza.

Chumbani. Hapa AC4TV ina faida ya wazi: swichi yake hushusha kutoka wati 4 hadi 1, hadi robo wati. Kutoka 4 hadi robo ni desibeli 12, na hiyo jirani ataisikia. Kuna gharama, kwa kuwa spika isiyosukumwa haifanyi sehemu yake ya mkwaruzo, na sauti inakuwa ya kisanduku kidogo. AC4C1-12 haina swichi hiyo, na spika yake ya inchi 12 ina sauti kubwa zaidi.

Kwenye rekodi. Maiki tena. Zina tundu la kuunga spika ya nje, kwa hiyo ukiwa na boksi zuri la spika chumba cha pili unaweza kuliweka huko pamoja na maiki, wewe ukabaki na kompyuta. Lile ni tundu la spika. Lisiunganishwe kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta; litaiua.

Matunzo. Sawa na Champ: tyubu chache, zinazobadilishwa bila marekebisho. EL84 ni tyubu ndogo, imeenea na bei yake ni nafuu, ingawa huchoka mapema ikilinganishwa na 6V6 inayofanya kazi kwa utulivu.

Inamfaa anayetaka sauti ya Kiingereza ya kulia, mwenye gitaa la pikapu nene, na anayependa kuwa na vitufe vichache vya kurekebisha. Kwa bei, AC4 za kawaida ziko chini sana ya Champ ya kufungwa kwa mkono.

Njia ya tatu: wati 1 yenye tundu la kurekodia

Blackstar, kampuni ya Northampton, Uingereza, iliyoanzishwa na watu waliotoka Marshall, ilitengeneza HT-1R kwa ajili ya nyumbani hasa. Marshall yenyewe ina DSL1CR. Zinafanana kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri: wati 1, spika ya inchi 8, chaneli mbili za sauti, riverbu, na tundu linaloiga sauti ya spika.

Sauti. Tyubu ya nguvu ni ECC82, tyubu ndogo ambayo kwenye amplifaya nyingi hufanya kazi za mwanzo tu. Ndani ya kioo kimoja ina vipande viwili, na vinapokezana wimbi, kimoja kikisukuma na kingine kikivuta. Mpangilio huo hufuta sehemu kubwa ya mvumo, kwa hiyo zimetulia kuliko Champ na AC4. Mkwaruzo unapatikana wa kila kiwango kwenye chaneli ya pili, kuanzia bluzi hadi roki nzito. Blackstar ina kitufe kinachoitwa ISF kinachosogeza tabia ya toni kutoka upande wa Marekani hadi upande wa Uingereza, na kinafanya kazi kweli.

Sauti safi ndiyo udhaifu. Wati 1 kwenye spika ya inchi 8 huishiwa haraka, na toni inabaki ya kisanduku. Kwa sebene unaweza kurekodi ukipiga kwa mkono mwepesi, lakini mpigaji aliyezoea kung'oa nyuzi atakuwa anajizuia muda wote, na kujizuia kunasikika kwenye wimbo.

Chumbani. Hapa ndipo zinaposhinda. DSL1CR inashuka hadi wati 0.1, na HT-1R hunyamazisha spika yake unapochomeka hedifoni. Mtu anayerekodi baada ya watoto kulala hana haja ya kuomba radhi kwa mtu.

Kwenye rekodi. Tundu la kuiga spika linaingia moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Linaokoa muda, na mvua inaweza kunyesha juu ya bati bila kuharibu wimbo. Ubora wake ni mzuri kwa gitaa la nyuma na kwa kuandaa wimbo. Kwa gitaa linalobeba wimbo mzima, mimi bado ningeweka maiki mbele ya spika, hata hiyo ya inchi 8, nikalinganisha. Mara nyingi maiki inashinda. Zote mbili zikirekodiwa kwa pamoja, angalia mawimbi yasipishane, kwa sababu maiki huchelewa kidogo na sauti mbili zinaweza kulana besi.

Matunzo. Ndani mna saketi nyingi zaidi: riverbu ya dijitali, swichi za chaneli, tundu la hedifoni. Fundi redio wa mtaani atabadilisha tyubu bila shida, lakini bodi ikiharibika kazi inakuwa ngumu. Ni nyepesi na bei yake ni ya chini kuliko zote zilizotajwa hapa.

Inamfaa mpangaji, anayerekodi usiku, anayetaka mkwaruzo wa aina nyingi, na anayenunua amplifaya yake ya kwanza ya tyubu.

Njia ya nne: kichwa cha tyubu na kisanduku cha lodi

Hapa unaachana kabisa na wazo la amplifaya ndogo. Unachukua kichwa cha wati 15 au 20, mfano Orange Tiny Terror iliyotoka mwaka 2006 ikiwa na EL84 mbili na swichi ya wati 15 au 7, au Marshall SV20H yenye EL34 mbili na swichi ya wati 20 au 5. Badala ya spika unaunganisha kisanduku kinachomeza nguvu yote na kupeleka sauti kwenye kompyuta. Two Notes ya Ufaransa ina Captor X, Universal Audio ina OX. Mara nyingi sauti ya spika huongezwa baadaye kwa faili za IR, yaani alama ya sauti iliyopimwa kutoka kwenye boksi halisi la spika na maiki yake.

Sauti. Ni pana kuliko zote, kwa sababu nguvu ipo. Kichwa cha wati 20 kikiwa chini kinatoa sauti safi ambayo Champ haifikii, na kikifunguliwa kinatoa mkwaruzo wa tyubu mbili za nguvu zinazofanya kazi kikamilifu. Hakikisha kisanduku ni cha lodi inayoiga spika. Spika ya ohmu 8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haikai kwenye ohmu 8: hupanda kwenye besi na kwenye sauti za juu, na amplifaya huitikia kupanda huko. Kisanduku chenye rezista tupu hakina tabia hiyo, na mpigaji anahisi ugumu chini ya vidole.

Chumbani. Kimya. Kinachosikika ni nyuzi za gitaa lenyewe na feni ndogo ya kisanduku, kama kina feni.

Kwenye rekodi. Unaweza kupiga leo na kuchagua boksi la spika kesho kutwa, baada ya besi na ngoma kuingia. Uhuru huo ni mtamu na ni mtego pia. Nimewaona watu wakimaliza jioni nzima wakibadilisha IR bila kupiga noti mpya hata moja. Chagua mbili au tatu, funga mlango.

Matunzo. Ohmu za kichwa na za kisanduku lazima zilingane. Visanduku vingi huuzwa kwa ohmu moja maalumu, kwa hiyo soma nyuma ya kichwa chako kabla ya kulipa. Tyubu mbili za nguvu hununuliwa kwa jozi zilizolinganishwa, na baadhi ya vichwa, hasa vya EL34, hudai fundi arekebishe mkondo baada ya kuzibadilisha. Tena ukumbuke kwamba kichwa kikifanya kazi kwa nguvu kila siku, tyubu zinachakaa hata kama chumba ni kimya.

Inamfaa mwenye kichwa tayari, anayepiga mitindo mingi, au anayerekodi wapiga gitaa tofauti. Kisanduku kizuri peke yake kinaweza kugharimu kama amplifaya nzima, kwa hiyo kwa anayeanza bila chochote hii ndiyo njia ghali.

Umeme, joto na vipuri, kwa zote nne

Tanzania hutumia volti 230, Kenya na Uganda 240, Kongo 220, zote kwa hertzi 50. Marekani ni volti 120 na hertzi 60. Champ iliyotumika inayoletwa na ndugu kutoka Marekani itahitaji transfoma ya kushusha umeme. Amplifaya ya wati 5 haili umeme mwingi, kwa hiyo transfoma ndogo bora inatosha; lakini transfoma ya ndani iliyoundwa kwa hertzi 60 hupata joto zaidi kwenye hertzi 50, basi ipe nafasi ya kupumua. Kama unanunua mpya, agiza moja kwa moja ya volti za nchi yako.

Umeme ukiwa unapanda na kushuka, weka stebilaiza. Kama unatumia sola, inverta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hutia mkoromo ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri. Waya wa ethi uwepo na ufanye kazi. Ni usalama kwanza, na pia ni nusu ya vita dhidi ya mvumo. Pwani, chumvi ya hewani hula matundu ya jeki na soketi za tyubu, kwa hiyo funika amplifaya ikishapoa na uzisafishe soketi mara kwa mara.

Tyubu za gitaa sasa hutengenezwa sehemu chache: JJ ya Slovakia, kiwanda cha Saratov nchini Urusi, na China. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei za tyubu za Kirusi zilipanda ghafla na maduka mengi yakaishiwa. Nunua seti moja ya akiba pamoja na amplifaya. Kwa Champ na AC4 seti hiyo ni tyubu chache tu, kwa SV20H ni mzigo mkubwa zaidi.

Mawili ya lazima. Usiwashe amplifaya ya tyubu bila spika au lodi. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usifungue ndani kama hujafundishwa: mna umeme wa mamia ya volti unaobaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kwa hali yako

Unaishi nyumba ya kupanga na muda wako wa kurekodi ni usiku. Chukua ya wati 1 yenye tundu la kurekodia. Kati ya HT-1R na DSL1CR, anayetaka kunyamazisha spika kwa hedifoni na kuchezea tabia ya toni aangalie Blackstar. Anayetaka sauti ya Marshall na swichi ya kushusha nguvu aangalie DSL1CR.

Una nafasi, unarekodi mchana, na unapiga bluzi, soul au roki. Hapo ni Champ au AC4, na gitaa lako liamue. Pikapu za koili moja zinakaa vizuri kwenye 6V6, pikapu nene zinapata pumzi kwenye EL84. Kama hupendi kufikiria vitufe, Champ. Kama unahitaji kushusha nguvu siku nyingine, AC4TV.

Unapiga sebene, benga au dansi, na sauti safi ndiyo roho ya kazi yako. Anza na Vibro Champ Reverb ikiwa na volyumu ya wastani na maiki karibu, uone kama inatosha mkono wako. Kama mkono ni mzito, nenda njia ya nne na kichwa cha wati 15 au 20 kikiwa kimepunguzwa. Amplifaya ya wati 1 iwe ya kufanyia mazoezi na kuandaa nyimbo.

Tayari una kichwa au amplifaya kubwa ya jukwaani. Usinunue amplifaya nyingine. Kisanduku cha lodi kinacholingana na ohmu zako kitakupa zaidi kwa fedha hizo hizo.

Uko mbali na fundi, na umeme ni wa kukatika na kurudi. Nunua yenye saketi chache: Champ ya kitufe kimoja au AC4TV, pamoja na tyubu za akiba, fyuzi na stebilaiza.

Unapokea wapiga gitaa tofauti kwenye studio yako, leo kwaya, kesho mpiga roki. Kichwa na kisanduku ndiyo mhimili, kwa sababu kila mteja anakuja na sauti yake kichwani. Bajeti ikiruhusu baadaye, ongeza Champ moja na SM57 kwenye kona, na mteja wa kwanza atakayesema kwamba kwenye hedifoni hahisi gitaa lake, mwashie hiyo.